Gregory Maloba, Mkenya Aliyeichongea Uganda Uhuru Wake

Mwaka huu nimeona nisiandike habari za mwanasiasa wala mkimbiaji, maana hao tumewasoma hadi basi. Nataka kuwasimulia maisha ya marehemu Gregory Maloba, mchongaji wa sanamu.

Maloba alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mumias, magharibi mwa Kenya. Enzi hizo kijana aliyebahatika kusoma alitazamiwa awe karani au mwalimu. Kufinyanga udongo ulikuwa mchezo wa watoto, kama ule wetu wa kutengeneza ng'ombe wa matope mvua ikinyesha hapa Mugutha. Lakini yeye mchezo huo hakuuacha. Alifika Chuo cha Makerere, ambako Bi. Margaret Trowell alikuwa ameanza kufundisha sanaa mwaka wa 1937, na akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Mwaka wa 1941, akiwa kijana wa miaka kama kumi na tisa hivi, alichonga katika mti sanamu aliyoiita Kifo. Hebu fikiria, rika letu hili, na mtu anachonga kifo! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alikwenda Uingereza kuongeza ujuzi, kisha akarudi Makerere kufundisha.

Sasa ndipo tunafika penyewe. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na kazi ya kutengeneza sanamu ya ukumbusho jijini Kampala akapewa Maloba. Angeweza kuchonga kichwa cha mkubwa fulani, kazi ikaisha na makofi akapigiwa. Hakufanya hivyo. Alimsimamisha mama mrefu, mwili umezongwazongwa kama aliyefungwa, naye amemwinua mtoto juu. Mtoto hana kifungo chochote, mikono yake ameinyosha mbinguni. Mama ni nchi iliyotawaliwa, mtoto ni taifa jipya. Sanamu nzima ina urefu wa kama mita sita.

Sisi tuliozoea kuona malori ya mawe kutoka machimbo ya Ndarugu tunadhani sanamu ni patasi na nyundo tu. Kumbe hii ni ya saruji. Kazi ya namna hiyo huanza na nondo, kama mifupa ya mtu, halafu saruji inajazwa nyama juu yake. Tena saruji haimngoji mtu. Ikishakauka, kosa lako litatazamwa na wapita njia wote.

Mimi naona ujanja wake mkubwa ni kwamba yule mama hana jina. Linganisheni na hapa Nairobi. Sanamu ya Lord Delamere ilisimama kwenye barabara iliyobeba jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 iling'olewa ikapelekwa Soysambu, shambani kwa jamaa zake, na barabara ikawa Kenyatta Avenue. Sanamu ya mtu huondoka na wakati wa mtu. Lakini Uganda, Obote aliangushwa na Amin mwaka wa 1971, Amin akafukuzwa mwaka wa 1979, Obote akarudi na kuangushwa tena mwaka wa 1985, Museveni akaingia mwaka wa 1986, na yule mama yupo tu na mtoto wake. Nani angemng'oa, na kwa kosa gani? Noti zilizotolewa mwaka wa 2010 zote zina picha yake. Mjomba wangu, dereva wa lori la kwenda Malaba, alituletea moja, nayo ndiyo iliyonifanya niulize ni nani aliyeichonga.

Miaka hiyo hiyo ya sitini Maloba alirudi kwao Kenya, akafundisha ubunifu katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka wa 2007. Ajabu ni kwamba kazi yake maarufu zaidi tumewaachia majirani.

Ukijaliwa kufika Kampala, uliza Hoteli ya Sheraton, sanamu iko hapo karibu. Wengi humpiga picha mtoto. Wewe anza kutazama chini, kwa mama. Kamba zake bado hazijafunguliwa, na Maloba aliziacha hivyo kwa makusudi.