Jimmie Rodgers: Mwimbaji wa reli aliyegeuka Chemirocha Kericho

JIMMIE Rodgers, mwanamuziki anayetambuliwa kuwa baba wa muziki wa kantri, hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Aliaga dunia mwaka wa 1933 akiwa na umri wa miaka 35 pekee.

Hata hivyo, miaka 17 baada ya kuzikwa kwake, wasichana wa jamii ya Wakipsigis walikuwa wakiliimba jina lake huko Kapkatet, katika eneo linalokuza majani chai la Kericho. Walimwita Chemirocha.

Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, na kulelewa katika viunga vya mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Babake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Mamake alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, na tangu hapo akawa wa kuhamishwa kutoka kwa jamaa mmoja hadi kwa mwingine.

Alipofika umri wa miaka 13 hivi, alishinda shindano la uimbaji na kutoroka nyumbani ili afuatane na wasanii wa maonyesho ya kuhamahama. Babake alimfuata, akamrejesha na kumtafutia kazi ya kuwapelekea maji vibarua wa reli.

Kazi hiyo duni ndiyo iliyokuwa shule yake ya muziki. Wengi wa vibarua hao walikuwa Wamarekani weusi, vizazi vya watu waliotolewa Afrika utumwani, waliofanya kazi huku wakiimba ili nyundo zao zishuke kwa pamoja. Kutoka kwao, Rodgers aliokota mapigo ya gitaa na huzuni ya muziki wa bluzi, ambayo baadaye yalimtofautisha na waimbaji wengine weupe wa zama zake.

Alipokua, aliajiriwa kuunganisha mabehewa na kuangalia breki za gari la moshi. Mnamo 1920 alimwoa Carrie Williamson, baada ya ndoa yake ya kwanza kuvunjika. Walijaliwa mabinti wawili, lakini mmoja alifariki angali mchanga.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka wa 1924, madaktari walipogundua kwamba alikuwa anaugua kifua kikuu. Wakati huo dawa za kutibu maradhi hayo hazikuwa zimevumbuliwa. Mgonjwa alishauriwa kupumzika, kula vyema na kutafuta hewa safi.

Kwa mtu aliyetegemea nguvu za mwili kupata riziki, ugonjwa huo uliifanya kazi ya reli kuwa ngumu. Rodgers akaona kilichosalia ni sauti yake, na sauti yenyewe ilitoka katika mapafu yaliyokuwa yakiliwa na ugonjwa.

Nyota yake iling'aa mnamo Agosti 1927, alipofunga safari hadi mji mdogo wa Bristol, Tennessee. Huko, Ralph Peer, mtayarishaji wa muziki wa kampuni ya Victor, alikuwa amefungua studio ya muda kutafuta vipaji vya mashambani. Rodgers alikorofishana na wanabendi wenzake kabla ya kurekodi, nao wakaenda zao. Mnamo Agosti 4, alirekodi nyimbo mbili peke yake, akiwa na gitaa tu.

Siku chache awali, jamaa ya Carter ilikuwa imerekodi papo hapo. Wanahistoria wengi huzihesabu siku hizo za Bristol kuwa mwanzo halisi wa kantri kama biashara ya muziki.

Novemba mwaka huo alirekodi kibao Blue Yodel, kilichouzwa kwa mamia ya maelfu ya santuri. Upekee wake ulikuwa katika kuirukisha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kwenye wembamba wa juu na kuirejesha tena, mtindo uitwao yodeli. Aliuchanganya na bluzi ya watu weusi, akaimba kuhusu reli, jela, mapenzi na maskini wasio na nauli.

Katika muda wa miaka sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Mnamo Julai 1930, jijini Los Angeles, aliimba akisindikizwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta. Lilikuwa jambo nadra wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa umeigawa Marekani.

Alitumia fedha kama mtu aliyejua kwamba siku zake zimehesabiwa. Alijenga jumba mjini Kerrville, Texas, ambako hewa kavu ilidhaniwa kuwafaa wagonjwa wa mapafu. Hata hivyo, gharama ya matibabu na mdororo wa uchumi vilimlemea, ikambidi aliache jumba hilo na kuhamia makao ya kawaida. Mwaka wa 1931 aliufanya ugonjwa wake wimbo, akaimba waziwazi kuhusu kifua kikuu.

Mei 1933, akiwa hoi, alisafiri hadi New York akiandamana na muuguzi ili arekodi nyimbo ambazo mapato yake yangeisaidia familia yake. Studioni alitandikiwa kitanda ili ajilaze kati ya wimbo mmoja na mwingine. Mnamo Mei 24 alikamilisha nyimbo nne za mwisho. Siku mbili baadaye alifariki katika hoteli ya Taft. Maiti yake ilirejeshwa Meridian kwa gari la moshi.

Lakini santuri zake ziliendelea kusafiri. Zilifika katika makoloni ya Uingereza pamoja na gramafoni za wageni, zikiwemo nyanda za juu za Kericho ambako kampuni za kigeni zilikuwa zimeanza kupanda majani chai miaka ya 1920.

Wakipsigis walioisikia sauti hiyo ngeni inayopanda na kushuka waliliingiza jina la Jimmie Rodgers katika matamshi yao, likawa Chemirocha. Hata kianzio chake kinasikika nyumbani, kama katika Chebet na Chemutai.

Mnamo 1950, Hugh Tracey, mtafiti Mwingereza aliyezunguka Afrika akihifadhi nyimbo za jadi, alifika Kapkatet. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilo. Iliyovuma zaidi iliimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake kwa mlio wa chepkong, ala ya nyuzi inayoshabihiana na nyatiti ya Waluo. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wa wasichana hao alikuwa nusu mtu na nusu paa, naye alialikwa acheze hadi nguo zimdondoke.

Hivyo, muziki ambao Rodgers aliuchota kwa wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa ulirejea Afrika, na Wakipsigis wakaugeuza kuwa wao kwa ala na lugha yao.

Marekani ilimwenzi Rodgers mwaka wa 1961, alipokuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri. Waimbaji wa Kapkatet walisubiri zaidi. Rekodi zao zilisikilizwa ng'ambo kwa miongo mingi huku kanda zikihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey.

Ni mwaka wa 2015 ambapo maktaba hiyo, kwa ushirikiano na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilizirejesha nyimbo hizo Kapkatet. Mmoja wa wanamuziki waliorekodiwa mwaka wa 1950 alipatikana akiwa hai, mzee wa zaidi ya miaka 80. Miaka 65 ilikuwa imepita kabla sauti hizo kurudi kwa wenyewe.