Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeipa santuri sauti ya Kiswahili

KABLA ya mwaka 1928, mwenye santuri katika pwani ya Afrika Mashariki alisikiliza zaidi nyimbo za Kiarabu na za Kihindi. Chombo kilikuwepo, ila lugha ya wengi haikuwamo. Aliyeibadili hali hiyo ni mwanamke ambaye hakujua kusoma wala kuandika.

Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza unyonge wa ukoo wake. Wazazi wake walikuwa wafinyanzi. Naye alitembea kwa miguu akiuza vyungu, akivinadi kwa sauti iliyowafikia wanunuzi kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, ambako mwanamuziki Ali Muhsin alimfunza kuimba kwa kufuata ala. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata ukubwani.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimrekodi pamoja na wenzake mjini Bombay, India. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa, na santuri za kundi lake zikauzwa kwa makumi ya maelfu. Maskini asiyeweza kuinunua aliisikiliza mkahawani. Miaka hiyo hiyo, redio iliyoanzishwa Nairobi iliwahudumia walowezi kwa Kiingereza. Mmaasai wa Kajiado, ingawa jirani, hakuwa na lake ndani yake.

Siti hakuimba mapenzi pekee. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio wakafungwa. Hukumu ambayo wanyonge waliinung'unikia barazani sasa iliweza kusikika mbali na Unguja, kwa lugha waliyoielewa.

Alifariki Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoundwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Leo mwanamke wa Kitengela mwenye simu anaweza kujirekodi bila kuvuka bahari. Hata hivyo, somo la Siti halijachakaa: kukifikisha chombo kwa wanyonge ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni wao kusikika ndani yake.