Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Bibi Zubeida na maji ya Makka



Leo tukisubiri futari, tumkumbuke Bibi Zubeida bint Jaafar. Babu yake ni Khalifa al-Mansur, yule aliyeujenga mji wa Baghdad, na mumewe ni Khalifa Harun Rashid. Jina lake hasa ni Amatul-Aziz. Hilo la Zubeida babu alimpa kwa mapenzi. Alikulia kwenye majumba ya kifalme. Kiu alikuwa haijui.

Alipokwenda Hija akaikuta. Mahujaji wengi, maji machache, inasimuliwa kiriba kimoja kilifika dinari nzima ya dhahabu. Akawaita wahandisi. Wakamjibu kwamba maji yapo mbali, upande wa Hunayn na bonde la Nuuman, ila katikati ni majabali matupu na gharama haisemeki. Inasimuliwa aliwaamuru waanze tu, hata kama kila pigo la sururu litamgharimu dinari.

Wakachonga mwamba, wakajenga mfereji wa mawe wenye mteremko mdogo, maji yatembee yenyewe. Hiyo ni hesabu ngumu: mteremko ukizidi maji yanabomoa, ukipungua yanasimama. Inatajwa alitumia dinari 1,700,000. Njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka nayo akaiwekea vituo na mabirika, na mpaka leo inaitwa Darb Zubeida.

Dunia haikumwachia raha. Mwanawe al-Amin aliuawa mwaka 198 Hijria katika vita vya kugombea ukhalifa na nduguye Maamun. Bibi mwenyewe alifariki Baghdad mwaka 216 Hijria, yaani 831. Ufalme ukapita, maji yakabaki. Mfereji ule, ukikarabatiwa mara kwa mara, ulinywesha watu zaidi ya miaka 1,000. Karne ya 16 aliyegharamia ukarabati ni mwanamke mwingine, Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Uturuki.

Sasa tuseme ukweli. Zubeida hakushika sururu wala hakupima mteremko. Alichofanya ni kusimama nyuma ya wataalamu pale walipoona kazi ni nzito.

Hapo ndipo panaponichoma. Miaka ya nyuma mwanafunzi wangu wa kike, hodari wa hesabu na fizikia, aliniambia anataka uhandisi wa maji. Nikamwambia hiyo kazi ya wanaume, atafute chepesi. Akanyamaza. Na kwao, yeye ndiye aliyekuwa akienda kisimani kila alfajiri. Shida ya maji aliijua kuliko mimi. Allah anisamehe.

Bonde letu la Kilombero masika linafurika, maji machafu yanaingia visimani. Kiangazi ni foleni ya ndoo. Na anayebeba ndoo ni binti. Kwa nini basi anayepima mfereji asiwe yeye?

Dinari milioni hatuna. Lakini nauli ya kurudi shule tunayo, kikokotoo tunacho, na neno la kumtia moyo halinunuliwi. Tumpunguzie kazi za jioni apate kusoma. Kisima atakachokisimamia kesho, kila atakayekunywa, na wewe umo kwenye sadaka hiyo inayoendelea.

Leo kabla hujafuturu, muulize binti yako anataka kusomea nini. Kisha msikilize mpaka amalize.

Allah azikubali saumu zetu na awafungulie mabinti zetu milango ya elimu. Amin.