Sayyida Salme: Binti wa Sultani aliyelilipia penzi lake kwa miaka 57

TAMTHILIA za Kichina za enzi za kale, zenye miungu, majoka na wana wa wafalme wanaopaa angani, zimekuwa zikiingia sebuleni mwetu kwa miaka mingi. Mtazamaji wa Namboboto, kule kwa Wasamia wa Kaunti ya Busia, huenda asiyajue majina ya falme zinazotajwa humo, lakini kiini cha visa hivyo hahitaji kufafanuliwa. Tangu utotoni ameambiwa kwamba mtu haoi katika ukoo wa baba yake, na kwamba penzi linalovuka mwiko si la wawili tu bali ni la jamaa nzima.

Mojawapo ya hekaya zilizoigizwa mara nyingi zaidi nchini China ni ile ya Nyoka Mweupe. Jini la nyoka linageuka kuwa mwanamke na kuolewa na binadamu, kisha mtawa Fahai anawatenganisha na kumfungia mwanamke huyo chini ya mnara wa Leifeng ulioko Hangzhou. Mnara huo si wa kubuniwa. Ulisimama kwa zaidi ya miaka 900, na ukaporomoka mnamo Septemba 1924.

Miezi saba kabla ya kuporomoka kwake, tarehe 29 Februari 1924, mwanamke mzee alifariki katika mji wa Jena, Ujerumani. Kwa jina la ubatizo aliitwa Emily Ruete. Kwa jina la kuzaliwa alikuwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar na Oman. Kisa chake hakikuwa na majini wala miungu, lakini mwiko ulikuwemo, na adhabu yake haikuwa ya siku moja.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamisha makao ya utawala kutoka Maskati hadi Zanzibar na kuvifanya visiwa hivyo kuwa shina la biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Alinyakuliwa vitani akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa, akauzwa, na hatimaye akafika katika nyumba ya Sultani.

Ifahamike basi kwamba kasri alimokulia Salme lilijaa ndoa na mahusiano ya watu wa rangi, lugha na asili mbalimbali. Walikuwamo masuria wa Kicherkesi, Kihabeshi na wa kutoka mataifa mengine ya Afrika, na watoto wao wote walihesabiwa kuwa wana wa Sultani. Mwanamume wa ukoo ule aliweza kumchukua mwanamke wa asili yoyote. Binti wa ukoo ule hakuruhusiwa kuolewa na yeyote tu.

Tangu udogoni Salme alionyesha kwamba hakuumbwa kukaa alipowekwa. Mabinti wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulionekana kuwa kazi ya wavulana. Yeye alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, hadi akaimudu kalamu. Ujuzi huo ndio uliomletea balaa la kwanza maishani mwake, na ndio uliokuja kumpa riziki baadaye.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856 akirejea kutoka Oman. Milki ikagawanyika. Thuwaini akashika Maskati, naye Majid akawa Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1859, mwaka ambao pia Salme alimpoteza mama yake kwa kipindupindu, ndugu yao Barghash alipanga njama ya kumwondoa Majid. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alivutwa upande wa Barghash na dada yake mpenzi Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wa njama ile.

Uasi huo ulishindwa baada ya Waingereza kuingilia kati, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Hata hivyo, Salme alijikuta kati ya pande mbili zisizosahau. Alipokuja kupatana na Majid, wale waliokuwa wakimuunga mkono Barghash, akiwemo Khole, walimwona msaliti. Hivyo, hata kabla ya kupenda alikokatazwa, alikwishakuwa mpweke miongoni mwa jamaa wengi.

Ni katika upweke huo ambapo, baada ya kuishi mashambani kwa muda, alirudi mjini. Jirani yake alikuwa kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na mapaa yake hukaribiana kiasi cha watu kuweza kuonana na kusemezana. Hapo ndipo urafiki ulipoanza, na urafiki ukazaa mahaba.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwaka wa 1866 ilibainika kuwa Salme alikuwa mjamzito. Hilo lilikuwa jambo la hatari kubwa. Sheria ya Kiislamu humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke Mkristo, lakini haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye wa dini yake. Kwa Salme, mimba nje ya ndoa, imani ya mpenziwe na heshima ya kiti cha Sultani yalikuwa makosa matatu yaliyofungwa katika mzigo mmoja.

Mnamo Agosti 1866, usiku, alipanda manowari ya Uingereza iliyoitwa Highflyer na kuondoka kuelekea Aden. Heinrich alibaki Unguja ili kukamilisha shughuli zake za biashara. Binti wa Sultani, ambaye hakuwahi kwenda popote bila watumishi, alikaa ugenini kwa miezi mingi akingoja. Mwezi wa Desemba alijifungua mtoto wa kiume.

Heinrich aliwasili Aden mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa na kuanza safari ya Ulaya. Mtoto wao hakufika Hamburg. Alifariki njiani.

Katika tamthilia, hapa ndipo pazia hushuka. Wapendanao wameshinda au wamekufa, na mtazamaji anajifuta machozi. Maisha ya Salme yanatufundisha kwamba gharama ya penzi lililokatazwa haikulipwa usiku ule wa kutoroka. Ilianza kulipwa baada ya kufika salama.

Hamburg ilikuwa nchi ya baridi, ya milango iliyofungwa na ya lugha asiyoijua. Watu walimtazama kama kioja. Barua zake, zilizokuja kuchapishwa baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba maji ya ubatizo hayakuigusa imani aliyolelewa nayo, na kwamba alijiona amekuwa mtu asiye wa huku wala wa kule. Kilichomshikilia ni mume wake na watoto watatu waliozaliwa kwa kufuatana: Antonie mwaka wa 1868, Rudolph Said mwaka wa 1869, na Rosalie mwezi wa Aprili 1870.

Agosti 1870 Heinrich alipata ajali ya tramu ya farasi na kufa. Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Kitinda mimba wake hakuwa na miezi minne. Mjane huyo hakuachiwa hata kusimamia mali ya watoto wake mwenyewe, kwa kuwa sheria ilitaka wanaume wawekwe kuwa wasimamizi. Mwaka huohuo Majid alifariki huko Zanzibar, na aliyekalia kiti alikuwa Barghash, ndugu ambaye Salme alimwandikia nyaraka za uasi, na ambaye sasa hakutaka hata kulisikia jina lake.

Tangu hapo Salme aliishi kwa kuhamahama katika miji ya Ujerumani, akipunguza matumizi na kufundisha Kiarabu. Kalamu aliyojifunza kwa siri ikawa jembe lake. Aliendelea kudai urithi wake kutoka kwa jamaa zake, lakini Zanzibar ilimhesabu kuwa aliyeiacha dini, na kwa hiyo hakuwa na haki ya kurithi.

Mwaka wa 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri kwenda kuonana naye. Serikali ya Uingereza haikutaka mgeni wake audhiwe, na Sir Bartle Frere alimshawishi aachane na nia hiyo kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Alikubali. Ahadi haikutimizwa.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Carl Peters alikuwa amepata mikataba ya ardhi katika bara la Tanganyika ya leo, na Barghash alikuwa amepinga. Mnamo Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya Unguja, mizinga ikielekezwa kasri. Salme na watoto wake waliletwa pamoja na msafara huo. Kwa Chansela Bismarck, mwanamke huyu na mwanawe wa kiume walikuwa silaha ya ziada. Sultani angekumbushwa kwamba Berlin inamlinda mtu mwenye damu yake na mwenye madai dhidi yake.

Salme aliuona tena mji alikozaliwa baada ya miaka 19. Watu wa kawaida walimlaki na kumsalimu barabarani. Ndugu yake alikataa kata kata kumwona. Barghash alipolegeza msimamo kuhusu bara, Ujerumani ilipata ilichokitafuta, na madai ya mjane yakawekwa kando. Alijaribu tena mwaka wa 1888, baada ya Barghash kufariki na Khalifa kutawala, akarudi mikono mitupu.

Hapa ndipo kisa cha Unguja kinapoyagusa maisha ya watu wa mpakani Busia. Shinikizo la manowari zile lilifuatwa na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka wa 1886, kisha mkataba wa 1890, ambayo yaliigawa Afrika Mashariki kwa mistari ya kalamu. Upande wa Waingereza nao ulikatwa tena. Mwaka wa 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda uliunganishwa na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta wengine huku na wengine kule. Mataifa yaliyoona haja ya kumtumia Salme ndiyo yaliyochora mipaka bila kuwauliza waliokuwa wakioana kuivuka.

Mwaka wa 1886 Salme alichapisha kumbukumbu za maisha yake mjini Berlin kwa Kijerumani. Kitabu hicho ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya mwanamke wa Kiarabu kuyasimulia maisha yake hadharani. Kupitia kwake tunajua jinsi watoto wa kasri walivyolelewa, walivyokula, walivyovaa na walivyougua.

Hata hivyo, haki haitendeki tukimsifu na kunyamazia upande mwingine. Katika kitabu hichohicho alitetea utumwa na kuwaandika Waafrika weusi kwa dharau. Yeye, aliyezaliwa na mama aliyeuzwa, hakuwaona mama wengine waliouzwa. Mwaka wa 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, lakini maandishi hayo yalipokumbushwa, mjadala ulizuka na jina likaondolewa. Aliyedhulumiwa kwa mwiko mmoja aliishi kwa jasho la waliodhulumiwa kwa mwiko mkubwa zaidi. Binti wa Sultani alikuwa na manowari ya kumtorosha. Wafungwa wa mashamba ya karafuu waliopendana na kutenganishwa sokoni hawakuwa nayo, na majina yao hayakuandikwa.

Kutoka mwishoni mwa miaka ya 1880 hadi 1914, Salme aliishi Jaffa na Beirut, mahali ambapo aliisikia tena lugha ya utotoni mwake. Kisha alirudi Ujerumani na kukaa na jamaa wa binti yake. Ni katika miaka ya mwisho tu ambapo Sultani Khalifa bin Harub aliidhinisha alipwe posho ndogo ya kila mwaka. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyekuwa akiubisha alikwishapita umri wa miaka 75.

Mabaki yake yalizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg, kwenye kaburi la ukoo wa mume wake. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa Zanzibar, nacho kikazikwa pamoja naye.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Salme hakuiacha asili yake. Ndiyo iliyomwacha, ikidai kwamba mwanamke hawezi kuvuka bahari kwa ajili ya mwanamume na bado akawa mtoto wa nyumbani. Baba yake alipomleta mwanamke kutoka mbali, hakuna aliyesema ameipoteza asili yake. Wazee wa leo wanapoketi kuamua ni nani aoane na nani, iwe ni kwa sababu ya dini, kabila au mpaka wa nchi, wangefanya vyema kujiuliza kwanza kama mwiko wanaoulinda unawafunga wana wa kiume sawa na mabinti.