Tajiri wa Le Creusot na Jumba la Bilauri

Kila nionapo jumba kubwa la kale, mimi hujiuliza: fedha za kulijenga zilitoka jasho la nani? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye habari za marehemu Eugène Schneider, tajiri wa chuma wa Ufaransa.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1805 katika jimbo la Lorraine. Alianza kwa kazi za biashara na benki, na angali kijana akakabidhiwa kusimamia viwanda vya chuma. Mwaka 1836 yeye na nduguye mkubwa, Adolphe, pamoja na wenye mali wengine, walinunua machimbo ya makaa na matanuri ya chuma ya Le Creusot, ambayo wenyewe waliotangulia walikuwa wamefilisika. Miaka miwili baadaye gari moshi la kwanza likatoka katika karakana zao. Mwaka 1845 Adolphe alianguka farasi akafa, na Eugène akabaki peke yake na usukani.

Maskani yao yalikuwa jumba liitwalo La Verrerie, yaani kiwanda cha kioo. Na kweli lilikuwa kiwanda. Mwishoni mwa karne ya 18 palitengenezwa hapo bilauri za fahari kwa jina la Malkia Marie-Antoinette, hata kazi ikafungwa 1832. Matanuri mawili marefu, mfano wa pia iliyopinduliwa, yangalipo uani. Matajiri wengine walikimbia moshi. Schneider alikaa karibu na moshi wake. Alijua kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka.

Nisimdhulumu. Aliwajengea watu wake nyumba, shule na hospitali, na kijiji kikawa mji. Lakini msomaji, angalia hapa: aliyekupa kazi ndiye mwenye nyumba ulalayo na mwenye shule ya mwanao. Ukikosana naye asubuhi, jioni utalala wapi?

Jibu lilionekana Januari 1870. Wakati huo Schneider alikuwa pia Spika wa Bunge la Mfalme Napoleon wa Tatu. Wafanyakazi walikuwa wakikatwa mishahara kwa ajili ya mfuko wa kusaidia wagonjwa, nao wakataka kuusimamia wenyewe. Msemaji wao, fundi Adolphe Assi, akafukuzwa. Karakana zikanyamaza, askari wakaletwa kwa maelfu. Mwezi Machi wachimbaji wa makaa nao waligoma, na baadhi yao wakafungwa jela. Mwezi Septemba mwaka huo huo ufalme ukaanguka, na cheo cha Spika kikaenda nao.

Schneider aliiaga dunia Novemba 1875. Wanawe na wajukuu walilipamba jumba hilo, na tanuri moja la bilauri likageuzwa ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza. Karne moja baada ya kifo chake familia ilikuwa imekwisha kuondoka. Jumba likawa mali ya mji, na makumbusho yakafunguliwa ndani yake.

Basi leo kitukuu cha mchimba makaa hupita lango lile bila kubisha hodi. Mimi sina ugomvi na mkono unaotoa. Ila mfuko ule ulitoka katika mishahara yao, na kumwomba mtu kilicho chako ni kazi nzito kuliko kuchimba makaa.