Apolo Kivebulaya: Mganda aliyevuka Semliki akiwa na jembe

KAMPALA. Kila ifikapo tarehe 30 Mei, Waanglikana humkumbuka mtu aliyezaliwa Buganda, akatumikia Toro, na kuzikwa Kongo. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na maisha yake yanastahili kusimuliwa upya, kwa sababu njia ile ya kuelekea magharibi aliipita kwa miguu zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa Kiwanda, Buganda, mnamo 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akapewa jina la Waswa, lile la mwanamume aliyetangulia kuzaliwa. Ujana wake uliangukia miaka ya misukosuko. Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia katika ikulu ya Kabaka, wamisionari wa Kiprotestanti walifika 1877, na Wakatoliki wakawafuata 1879. Vita vya dini vilipozuka mwaka 1888, Waswa alikuwa upande wa Waislamu. Baadaye aliusogelea Ukristo, akiwa tayari amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Kiskoti.

Safari yake ya kwanza kwenda magharibi haikuwa ya Injili. Mwaka 1891 alifuatana na msafara wa Kapteni Lugard, uliomrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Toro. Aliiona nchi ile kwanza akiwa miongoni mwa watu wenye bunduki. Mwaka 1895 alibatizwa, akachukua jina la Apolo, na mwaka huohuo akarudi Toro akiwa mwalimu wa dini. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, alilipata kwa sababu ya kuvaa koti la Kizungu pamoja na kanzu yake.

Kasagama mwenyewe alibatizwa 1896. Wakati huo ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ya Boga, kazi ilikuwa imekwama. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia, lakini mtawala Tabaro aliwakataza watu wake kuwapa chakula. Katika Buganda ya siku zile kulima shamba ilikuwa kazi ya wanawake, na walimu wale hawakuwa tayari kushika jembe. Njaa ikawarudisha Toro.

Apolo alikubali kwenda mahali pao, ila alibeba jembe. Alizunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, akashuka bonde la Semliki, na alipofika Boga akalima chakula chake mwenyewe. Silaha ya Tabaro ikawa butu: mtu anayejilisha hawezi kufukuzwa kwa njaa.

Hata hivyo Tabaro alikuwa na sababu zake. Mgeni huyu alipinga ulevi, ndoa za wake wengi na ibada za mizimu, mambo yaliyoshikamana na mamlaka ya mtawala. Tena alitoka Toro, ambako Waingereza walikuwa wameweka ngome. Kumpokea mwalimu kungeweza kuwa hatua ya kwanza ya kupokea bwana mpya. Mgogoro kama huo uliikabili Injili sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na haikuwa rahisi kwa msikilizaji kutenganisha ujumbe na dola iliyokuja nyuma yake.

Apolo alipigwa, na nyumba ya ibada ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Ndugu wa kike wa Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika nyasi, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji, akafungwa, na kupelekwa Toro mbele ya maofisa wa Kiingereza. Kwa hiyo serikali ileile ambayo Tabaro alimdhania kuwa wakala wake ndiyo iliyomweka gerezani. Humo, kwa maelezo aliyoyaacha mwenyewe, alimwona Yesu Kristo katika maono, akatiwa moyo asiache kazi.

Alipoachiliwa alirudi Boga, kwa watu walewale waliomshtaki. Hakudai fidia wala kisasi. Baada ya muda Tabaro mwenyewe aliomba kubatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Kwa miaka kadhaa alihudumu Toro, kisha akarejea Boga katikati ya miaka ya 1910. Wakati huo wakoloni walikuwa wamekwisha kugawana nchi, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Akawa mgeni kwa karatasi mahali alipokuwa mwenyeji kwa kazi.

Katika miaka ya 1920 aliingia msitu wa Ituri kuwafuata Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao wengi. Hakuwalazimisha watoke msituni. Alijifunza lugha yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha hiyo. Mwaka 1922 Kanisa lilimfanya kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe hapa Kampala, lakini heshima hiyo haikumrudisha kukaa mjini. Aliishi bila mke, na alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933.

Aliacha maagizo juu ya kaburi lake. Desturi ilitaka kichwa kielekee kwao, mashariki. Yeye aliomba kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kuonyesha kwamba kazi ilikuwa bado mbele. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana la Kongo likawa jimbo linalojitegemea.

Boga ya sasa imo katika mkoa wa Ituri, na haina utulivu. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, siku moja tu baada ya kumbukumbu yake, Boga na Tchabi zilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Shambulio hilo lilihusishwa na ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Mwishoni mwa mwaka huo jeshi la Uganda nalo likavuka mpaka kulisaka kundi hilo.

Wapiganaji na wanajeshi wamepita njia ya Apolo, na wafanyabiashara wanaipita kila siku. Wahubiri pia bado wanavuka, na wengi sasa wanatumia Kiswahili. Anayekwenda huko kuwaambia watu habari ya imani yake atakutana na swali ambalo Tabaro alimjaribu nalo Apolo: je, amekuja kulishwa au kulima?