Edward Steere na ngeli ya nane

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria hadi udaktari, kisha akaiacha akawa kasisi. Alikuja Afrika pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Huko ndiko alikoanza kazi iliyombakishia jina: kuwasikiliza Waswahili wakizungumza na kuandika alichosikia. Kitabu chake cha sarufi na msamiati kilitoka mwaka 1870.

Humo aligawa nomino katika ngeli nane. Ya saba ilikuwa na neno moja tu, mahali. Inachekesha kidogo, lakini mimi naona ndiyo inayoonyesha njia yake: hakuhesabu maneno, alifuata upatanisho. Kwa kipimo hichohicho akavipa ngeli ya nane vitenzi vyenye ku- vinavyotumika kama nomino.

Tuchukue pika. Kwake tunapata mpishi, upishi na mapishi, nomino zilizokwisha kuagana na kitenzi. Kupika hakujaaga. Twasema: kupika kwake sombe kulitufurahisha. Kuna kimilikishi kama cha nomino yoyote, na bado kuna yambwa, sombe, kama ya kitenzi. Mapishi hayawezi hivyo. Lazima yawe mapishi yake ya sombe. Kijapani huweka neno jingine, koto au no, baada ya kitenzi ili kifanye kazi ya nomino. Kwetu ku- inatosha.

Ila Steere alisikia Kiunguja. Mitaani hapa Bunia husikika kupika yake, na mwanafunzi akiandika hivyo hukatwa alama. Kwa kipimo cha Steere, hata hivyo, yake hiyo ni ushahidi: ngeli hujulikana kwa upatanisho, na kwa msemaji huyu ngeli ya nane haina tena alama yake. Nadhani angeiandika kama alivyoisikia.

Siku ya Krismasi 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa papo hapo sokoni. Mwaka 1874 Steere akawa askofu. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa hilo. Ngeli yake ya nane siku hizi tunaifundishwa kama ya 15.